Dhahabu ya Kilwa Ipo Lisbon, Nasi Tuliifuata kwa Miguu

Katika jumba la makumbusho ya sanaa za kale mjini Lisbon, Museu Nacional de Arte Antiga, kuna chombo cha ibada cha dhahabu chenye kimo cha zaidi ya sentimita 70. Kuzunguka kitako chake yamepita maandishi ya Kireno cha zamani yanayosema kwamba Mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kazi ilikamilika mwaka 1506. Ni Kilwa hii hii yetu ya mkoa wa Lindi, ile ambayo ukisimama ufukweni Masoko unaiona ng'ambo ya maji.

Mume wangu ni mzaliwa wa Masoko. Amekua akivuka na mashua kwenda Kisiwani, amecheza mpira karibu na magofu, na shuleni alifundishwa kwamba Wareno walikuja, wakateka, wakajenga ngome, wakaondoka. Dhahabu yenyewe ilikwenda wapi, hilo halikuwemo kwenye somo. Kwa hiyo tulipojaliwa likizo ya sisi wawili tu, watoto wakabaki kwa bibi yao, hatukuvutana kuhusu mji wa kwenda. Tulikubaliana mambo mawili: Lisbon tutaitembea kwa miguu, na chombo kile hatutakiendea kwanza. Tuanze na mji uliokipokea.

Niseme habari ya viatu mapema, kwa faida ya atakayetufuata. Njia za waenda kwa miguu Lisbon zimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe, na vya basalti, vyeusi, vilivyopangwa kwa nakshi za maua na mawimbi. Ni kazi ya mkono mpaka leo; tulimkuta fundi amepiga magoti, anagonga kijiwe kimoja kimoja kwa nyundo hadi kikae. Lakini nyayo za watu zimevisugua vikang'aa, na kwenye mteremko, hasa manyunyu yakipita, soli laini haifai hata kidogo. Mji wenyewe ni kilima baada ya kilima, ngazi baada ya ngazi. Tramu ya njano namba 28 inavipanda vilima hivyo, ila hujaa watalii, na ukiwa ndani mji unakupita dirishani. Sisi tulikwenda mwishoni mwa Mei, jakaranda zimechanua, joto halijawa kali, na jua linazama karibu saa tatu usiku. Kwa watu wa pwani yetu, kuswali Magharibi saa hizo ni jambo la kuzoea taratibu, lakini kwa mtembeaji ni neema: mmeshakula chakula cha jioni na bado mna mwanga wa kupanda kilima kingine.

Tulipanga chumba kule Graça, juu ya Alfama, hivyo kila asubuhi ilianza kwa kushuka. Alfama ndio mtaa wa kale wenye vichochoro ambavyo mpangilio wake ni wa enzi za Waislamu. Wao waliutawala mji huu kwa zaidi ya miaka 400, mpaka Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, alipouteka mwaka 1147 akisaidiwa na askari wa vita vya msalaba waliokuwa njiani kwenda Mashariki ya Kati. Nguo zimeanikwa madirishani, kina mama wanaongea dirisha kwa dirisha, na harufu ya samaki wa kuchoma inaanza mapema kabla ya adhuhuri. Mtu aliyezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar hapotei humu.

Babu yake mume wangu alikuwa mchoma chokaa. Matumbawe hupangwa juu ya magogo, moto ukakolea, mwisho mawe yakalainika kuwa unga mweupe wa kujengea. Ndiyo maana mume wangu hapiti ukuta wa zamani bila kuugusa. Alfama ilituchukua muda mrefu kwa sababu hiyo. Palipobanduka lipu anachungulia, anasugua vumbi katikati ya vidole, ananiambia hii ni chokaa, hii ni saruji ya juzi. Nami nilimwacha. Kutembea na mtu mliyeishi naye miaka mingi kuna raha yake: unajua atakaposimama kabla hajasimama, na unajua lini usimharakishe.

Kwenye baraza la Santa Luzia, mahali ambapo watu hupiga picha za mto Tejo, usiishie kutazama mto. Geuka uangalie ukuta wa kanisa. Kuna picha mbili kubwa za vigae vya buluu na vyeupe. Moja inaonyesha ngome ya São Jorge ikitekwa mwaka ule wa 1147. Nyingine inaonyesha uwanja wa mbele ya jumba la mfalme, kando ya mto, ulivyokuwa kabla ya mwaka 1755. Tulisimama mbele ya hiyo ya pili kwa makini, kwa sababu uwanja ule ndio ulikuwa mlango wa bahari. Pale ilikuwepo Casa da Índia, ofisi ya mfalme iliyosimamia biashara yote ya Bahari ya Hindi: pilipili, mdalasini, karafuu, na dhahabu ya kwetu.

Tukateremka hadi uwanjani penyewe. Leo unaitwa Praça do Comércio, ingawa wenyeji wengi bado wanauita Terreiro do Paço, uwanja wa jumba la mfalme. Jumba halipo. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, ardhi ilitetemeka kwa dakika kadhaa. Waliookoka kuangukiwa na majengo walikimbilia huku kwenye uwazi wa kando ya maji, na maji yakawafuata. Mawimbi makubwa yaliingia kupitia mdomo wa mto. Kisha moto, ambao mishumaa na majiko ya siku ile yaliuwasha, ukaunguza kwa siku kadhaa. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu. Jumba la mfalme liliteketea, na maktaba yake, na nyaraka za Casa da Índia pamoja nalo.

Nilikaa kwenye ngazi zinazoingia majini pale Cais das Colunas nikiwaza hasara ile. Historia ya pwani yetu ya karne ya 16 imeandikwa kwa sehemu kubwa kutokana na karatasi za Wareno. Kuna barua, hesabu za meli na orodha za mizigo zilizotaja Kilwa, Mombasa, Malindi na Sofala ambazo hakuna atakayezisoma tena. Nyaraka za hifadhi ya Torre do Tombo, iliyokuwa kwenye mnara wa ngome, ziliokolewa baada ya mnara kuanguka, na aliyezisimamia ni mhandisi mzee Manuel da Maia. Huyo huyo ndiye aliyeandaa mapendekezo ya kuujenga mji upya. Mwanahistoria wa pwani yetu anadaiwa naye shukrani.

Mji mpya uliojengwa chini ya waziri Pombal, mtaa wa Baixa, una njia zilizonyooka kabisa. Mume wangu aliupenda kuliko nilivyoutarajia, kwa sababu ya kilichomo ndani ya kuta. Wahandisi waliweka kiunzi cha mbao, nguzo na mihimili iliyofungwa kwa mbao za mkingamo, halafu wakajazia mawe na lipu. Ardhi ikitikisika, mbao zinayumba bila kuachia, nyumba inasimama. Wareno wanaviita viunzi hivyo kizimba cha Pombal. Kwenye jengo moja lililokuwa likikarabatiwa, lipu imevuliwa yote, tuliziona zile mbao zikikatana kwa alama ya mkasi. Fundi mmoja alimwona mwenzangu anavyotazama, akamwashiria asogee. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Walielekezana kwa vidole kwa muda mrefu, na nadhani walielewana vizuri sana.

Juu ya Baixa kuna kanisa la Carmo, lililoanzishwa mwaka 1389, ambalo paa lake lilianguka siku ile ya tetemeko na halikurudishwa. Matao yamebaki, na juu yake ni mbingu tupu. Ni pazuri, pastahili kuonwa, lakini kilichotupeleka huko ni kile kiwanja kidogo cha mbele yake.

Largo do Carmo ni kiwanja chenye chemchemi na jakaranda, viti vya mikahawa, na kambi ya askari upande mmoja. Tarehe 25 Aprili 1974 waziri mkuu Marcello Caetano alijifungia ndani ya kambi hiyo. Nje alikuwepo kapteni kijana, Salgueiro Maia, na askari wake na magari ya deraya, na watu wa Lisbon wamejaa kila kona, wengine wamepanda juu ya miti. Jioni Caetano alisalimu amri, na utawala wa kidikteta uliodumu kwa zaidi ya miaka 40 ukaisha. Chini kwenye sakafu ya kiwanja kuna bamba la duara la kumkumbuka Maia. Watu wanalikanyaga wakipita na aiskrimu zao.

Maofisa vijana waliasi kwa sababu walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Na vita vya Msumbiji, kwa upande wa wapigania uhuru, viliendeshwa kutoka kwetu. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Kambi yake kubwa ya mafunzo ilikuwa Nachingwea. Nachingwea iko mkoa wa Lindi, mkoa ule ule wa Kilwa. Mama mkwe wangu bado anaeleza jinsi malori ya wapiganaji yalivyokuwa yakipita, na jinsi watu wa vijijini walivyotoa mihogo na nazi bila kuuliza maswali. Eduardo Mondlane, kiongozi wake wa kwanza, aliyesoma kwa muda hapa Lisbon, aliuawa kwa bomu la kwenye kifurushi Dar es Salaam, Februari 1969. Samora Machel akashika uongozi, na Mei 1975 alivuka kutoka Tanzania kuianza safari yake ya kutoka Rovuma hadi Maputo.

"Baba watoto," nilimwambia pale kwenye benchi, "mkoa wenu umeingia mji huu mara mbili."

Alikaa kimya kidogo. "Mara ya kwanza tulichukuliwa," akasema. "Mara ya pili tulikuja wenyewe."

Tangu hapo safari yetu ilibadilika. Tulikuwa tumekuja kutafuta kilichochukuliwa, sasa tukawa tunatafuta pia mkono wa Waafrika katika mji wenyewe, na ukitembea taratibu unauona kila mahali. Karibu na kanisa kuu la Sé kuna gereza la zamani la Aljube, lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2015. Polisi wa kisiasa waliwafungia humo wapinzani kwenye vyumba vyembamba ambavyo mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Maonyesho yake yanazungumzia pia ukoloni na harakati za kuupinga. Watalii wengi wanapita mlangoni wakielekea ngome. Nawasihi muingie.

Halafu kuna Largo de São Domingos, hatua chache kutoka uwanja wa Rossio. Wazee wa Guinea-Bissau wanakutana hapo kila siku, wamevaa makoti hata kukiwa na jua, wanazungumza siasa. Kina mama wanauza karanga na mafuta ya mawese kwenye mifuko. Hawakukutana hapo kwa bahati. Katika karne ya 16 kanisa la São Domingos lilikuwa na udugu wa Mama wa Rozari wa watu weusi, chama cha watumwa na waliokombolewa, kilichosaidia kuzikana na kukomboana. Ndani ya kanisa nguzo zimepasuka na kuwa nyekundu kwa moto wa mwaka 1959, na walipolifungua tena hawakuzifunika. Nje, kiwanjani, kuna jiwe lenye nyota ya Daudi. Ni kumbukumbu ya mauaji ya Aprili 1506, ambapo umati uliwaua kwa siku kadhaa Wayahudi waliokuwa wamelazimishwa kubatizwa. Nilipousoma mwaka huo nilishtuka. Ni mwaka ule ule Kilwa yetu ilipokuwa inafuliwa na sonara.

Ilipofika zamu ya makumbusho tulikwenda kwa miguu kutoka Chiado, tukapitia mtaa wa Poço dos Negros. Leo ni mtaa wa mikahawa na maduka madogo. Mwaka 1515 Mfalme Manuel aliagiza lichimbwe shimo la kutupia miili ya watumwa waliokufa, kwa sababu walikuwa wakiachwa wazi na kuliwa na mbwa. Shimo likaupa mtaa jina. Katikati ya karne ile watumwa walikaribia kuwa mtu mmoja katika kila kumi wa mji huu. Tuliusoma ubao wa jina la mtaa, tukasoma Fatiha, tukaendelea.

Jumba la makumbusho liko mtaa wa Janelas Verdes, juu ya bandari. Hufungwa Jumatatu, kwa hiyo pangeni vizuri. Ndani kuna mengi ya kuona. Kuna skrini za Kijapani, kwa mfano, zilizochorwa kuonyesha meli ya Wareno ikitia nanga Japani, na miongoni mwa mabaharia na watumishi wamo watu weusi, wamechorwa wazi kabisa. Nilitamani kujua yupi kati yao alipandia meli pwani yetu. Lakini miguu ilikuwa inatupeleka kwingine.

Wakatoliki wanakiita monstransi: chombo cha kuweka hostia, mkate mtakatifu, ili waumini waione na kuabudu. Hiki kinajulikana kwa jina la Custódia de Belém. Kimesimama peke yake ndani ya kioo. Kwanza unaona dhahabu, halafu unagundua kuwa dhahabu si nusu ya kazi. Katikati mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia, kila mmoja ana sura yake, nguo zao zimepakwa enameli za rangi. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Kitakoni kuna ndege, maua na konokono wadogo sana. Shingoni kuna zile tufe zenye pete, alama ya Mfalme Manuel, aliyejiona amekabidhiwa dunia. Sonara anatajwa kuwa Gil Vicente, na wengi wanaamini ndiye yule yule aliyekuwa baba wa tamthilia ya Kireno.

Mume wangu hakutazama mitume. Aliinama usawa wa kitako akaanza kufuata herufi, akizunguka kioo polepole. Mlinzi wa chumba, mama wa makamo, alituangalia kwa muda, akatusogelea na kutuuliza kwa Kiingereza tunatoka wapi. Mume wangu akanyoosha kidole kwenye maandishi, pale penye jina la Kilwa. "Hapa," akamwambia.

Yule mama alisoma, akamtazama, akasoma tena. Kisha akazunguka nasi, akitusomea kwa sauti neno moja moja, mpaka mwisho kwenye tarakimu za Kirumi za mwaka.

Nieleze dhahabu hiyo ilivyofika huko, kwa sababu watu wengi hudhani ilikuwa biashara. Dhahabu ilichimbwa bara, kwenye nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, na kwa muda mrefu masultani wa Kilwa ndio walioitawala biashara hiyo. Ndiyo iliyojenga Husuni Kubwa, jumba la sultani, na kupanua Msikiti Mkuu. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji mzuri, mtawala mkarimu. Vasco da Gama alipokuja na safari yake ya kwanza, mwaka 1498, hakutia nanga Kilwa. Alipita Mombasa, akapata mapokezi mema na rubani Malindi, akaenda zake Calicut. Alirudi mwaka 1502 na meli nyingi zenye mizinga, akatia nanga mbele ya Kilwa, akamtaka Amiri Ibrahim akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno au mji uchomwe. Kodi iliyodaiwa ilikuwa mithkali 1,500 za dhahabu kwa mwaka. Ile ya kwanza ndiyo aliyoifikisha Lisbon mwaka 1503. Kodi ilipokoma, Francisco de Almeida alifika mwaka 1505, akauteka mji na kuupora, akajenga ngome, kisha akaenda kuichoma Mombasa. Miaka michache baadaye Wareno waliiacha Kilwa, biashara ya dhahabu ikiwa imeshavurugika.

Nilisimama pale nikiwa na hasira na fahari kwa pamoja, na sioni sababu ya kuchagua moja. Kazi ya yule sonara ni ya ajabu. Mikono iliyochonga konokono mdogo kiasi kile inastahili heshima. Na dhahabu ilitolewa kwa mtutu wa mzinga. Yote mawili yapo ndani ya kioo kimoja, na Wareno wenyewe waliandika ilikotoka bila kuficha, maana kwao ilikuwa sifa.

Tulitoka tukala mtaani hapo karibu. Pweza wa kuokwa, mafuta mengi ya zeituni, kitunguu saumu na viazi vidogo vilivyopondwa kidogo kwa ngumi. Mwana wa Masoko ana maoni makali kuhusu pweza, na huyu alimpitisha. Mkahawani waliuza pia chamuças, ambazo kwa umbo na kwa ladha ni sambusa. Zilifika Lisbon na watu wa Goa na wa Msumbiji.

Kutoka hapo hadi Belém ni mwendo wa saa moja na zaidi kando ya Tejo, tambarare, na naupendekeza kwa moyo wote. Unapita chini ya daraja la 25 de Abril. Lilifunguliwa mwaka 1966 kwa jina la dikteta Salazar, likabadilishwa jina baada ya mapinduzi. Magari yanayopita juu, kwenye sakafu yake ya chuma, yanatoa mvumo usiokatika, kama mzinga mkubwa wa nyuki. Unausikia dakika nyingi kabla ya kulifikia na dakika nyingi baada ya kulipita.

Makao ya watawa ya Jerónimos yalianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa asilimia tano ya mapato ya biashara ya Afrika na Mashariki. Jiwe lake la chokaa ni gumu na jeupe, na limechongwa kamba, mafundo, matumbawe na majani. Mwenzangu, mjukuu wa mchoma chokaa na mtoto wa wavuvi, alitaja mafundo mawili matatu kwa majina. Tetemeko la 1755 halikuliangusha kanisa hili. Monstransi ilikaa hapa karibu miaka 300, kwa wosia wa Manuel, mpaka Ureno ilipozifuta jumuiya za watawa mwaka 1834.

Ukiingia kanisani, kaburi la Vasco da Gama liko pale pale karibu na mlango, sanamu yake imelala na mikono imekutanishwa kwa sala. Watu wanapiga picha na kusonga mbele. Sisi tulikaa. Mtu huyu alifariki Cochin, India, mwaka 1524, na mifupa yake ikarudishwa nyumbani. Nilifikiria nguzo yake pale Malindi ambayo wanafunzi wa Kenya hupelekwa kuiona, na Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593 na kutwaliwa na Waomani mwaka 1698. Kwa watu wa pwani jina lake ni la kitabuni na la mawe. Hapa lina kaburi, lina foleni, lina daraja na lina hata duka kubwa la bidhaa.

Mnara wa wavumbuzi uliopo ng'ambo ya barabara haukunigusa. Ulisimamishwa mwaka 1960, utawala wa Salazar ukijisifu, mwaka mmoja tu kabla vita vya Angola havijaanza. Una sanamu 33, mwanamke ni mmoja, Mwafrika hakuna. Mbele yake, sakafuni, kuna dira kubwa ya mawe yenye kipenyo cha mita 50, zawadi ya Afrika Kusini ya wakati wa ubaguzi wa rangi, na katikati ya dira kuna ramani ya dunia yenye meli na miaka. Watoto wanaikimbilia kutafuta nchi zao. Tulisimama kwenye pwani yetu, Bahari ya Hindi upande mmoja na bara upande wa pili, tukala vitumbua vya maziwa na mayai kutoka duka la karibu, lile linalovioka tangu mwaka 1837, tumevinyunyizia mdalasini.

Jambo moja nalitaka kwa dhati, na nimeanza kulisema kwa kila mwalimu ninayemfahamu: picha ya chombo kile iwekwe kwenye vitabu vya historia vya shule zetu, ikuzwe mpaka maandishi yasomeke, na nakala yake nzuri iwekwe Kilwa kwenyewe. Mjadala wa kurudishwa kwa mali za Afrika unaendelea Ulaya yote, na hiki nacho kina haki ya kutajwa ndani yake. Lakini mtoto hawezi kudai asichojua kuwa kipo. Mume wangu ameshaichapisha picha yake kwa ukubwa wa karatasi mbili na kuipeleka kwenye shule aliyosoma. Mwalimu wa historia ameibandika darasani.

Likizo ya Desemba tunawapeleka watoto Kisiwani. Mtakaopenda kufanya hivyo, kibali kinapatikana ofisini Masoko, mashua inavuka kwa muda mfupi, na mwongozo wa kijijini anajua kila jiwe. Anzeni na Gereza, ile ngome ya kale, pale mnaposhuka, kisha Msikiti Mkuu, na mwisho mwende hadi Husuni Kubwa juu ya mwamba. Ni mwendo wa jua kali, bebeni maji ya kutosha.